Gari la Taraivini Halitembei Bure

Gari ulilolinunua kwa jasho lako ni la nani?

Usinijibu kwa kunionyesha kadi yenye jina lako. Nilikuwapo shangazi yangu Taraivini alipopewa kadi yake kwenye duka la magari mjini Nadi, huku kwetu visiwani, na bado ilichukua miezi mitano na jozi moja ya maksai kabla kijiji hakijalikubali jibu lake. Siku hizi kisa hiki kinasimuliwa kama kichekesho cha mwanamke mkaidi, na mimi nimechoka kukisikia hivyo. Mkaidi ni kweli alikuwa. Ndiyo maana naandika.

Taraivini ni dada wa baba yangu. Aliolewa Vunitavola, kijiji kilicho kando ya mto katika bonde la Sigatoka, na mumewe alipofariki hakurudi kwao. Alibaki na ekari zake mbili za nyanya, biringanya na kabichi. Mimi nilihamia kwake nilipomaliza chuo Suva na kukuta kazi ya mazingira niliyoisomea ina foleni ya watu mia mbele yangu. Alinipa chumba, jembe na jina jipya. Kijiji kizima kikaniita Msomi, na hawakunisifu kwa hilo.

Shida yake ilikuwa lori la abiria. Lori hilo huteremka mjini Sigatoka likijaa, na hujaa linapotaka. Shangazi alikuwa anaamka alfajiri, anapanga kreti zake barabarani, anasubiri, halafu anafika sokoni wakati wanunuzi wa hoteli wameshaondoka, na wale waliobaki wanaminya nyanya zake kama wanakanda unga. Alipofikisha miaka arobaini na saba akajiandikisha kwenda Australia na kundi la wachuma zabibu. Alienda misimu mitatu. Msimu wa tatu msimamizi wao, mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mvua mwaka mzima, alikuwa na gari la umeme, analichomeka kwenye ukuta wa ghala kama pasi ya nguo. Shangazi alilitazama gari lile kila jioni kwa miezi saba.

Aliporudi, kila mtu alikuwa ameshaipangia kazi pesa yake. Wa kwanza alikuwa shemeji yake Sakiusa, kaka mkubwa wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa kijiji. Sakiusa ni mtu wa kifua kipana na sauti ya kuongoza kwaya. Sitamchora kama mtu mbaya. Kimbunga kilipoling'oa jiko la shangazi, yeye na wanawe walilijenga upya kwa siku tatu, na hakuna aliyedai hata senti. Lakini alikuwa amezoea kuamua.

"Pikapu ya milango minne," alisema, akikalia mkeka wetu kana kwamba ni wa kwake. "Ya benzini. Ina nguvu. Itabeba mboga, itabeba wafu, itabeba kwaya."

"Na benzini atanunua nani, shemeji?" akauliza shangazi.

"Tutachanga."

"Mtachanga kama mlivyochangia mashine ya kukata nyasi ya kanisa? Ile iliyoota nyasi?"

Watu wakacheka. Huku kwetu mwanamke na shemeji yake wana ruhusa ya kutaniana mpaka damu itoke, na hao wawili waliitumia ruhusa yao yote.

Jioni ile tulikaa mezani na daftari. Nilianza na yaliyokuwa moyoni mwangu: bahari inayopanda, vijiji vya pwani vinavyohamishwa, vimbunga, sisi wa visiwani tunaolipa deni la moshi wa wengine. Nilisema kwa dakika kumi. Shangazi alimaliza kumenya muhogo wote.

"Baba," akasema, kwa maana huniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la babake, "bahari niachie kwanza. Niambie wiki."

Kwa hiyo tukapiga hesabu ya wiki. Siku tatu za soko mjini na siku mbili za kwenda mbele zaidi, hadi kwenye hoteli moja ya pwani ambayo mpishi wake mkuu alikuwa ameonyesha nia ya kununua nyanya moja kwa moja. Gari la benzini lingemla dola sitini kwa wiki. La umeme, dola kumi na sita. Kigari cha benzini kilichotumika kilikuwa dola elfu kumi na moja. Cha umeme, elfu kumi na tisa na nusu. Akachora mstari, akafikiri, akachora mwingine.

"Miaka minne ndipo linanilipa."

"Chini ya minne. Halina oili ya kubadilisha wala plagi."

"Na betri? Itaishi miaka minne?"

Sikujua. Nilimwambia sijui, na nadhani hilo ndilo jibu pekee alilolipenda usiku ule.

Muuzaji wa Nadi aliitwa Ashneel, kijana wa suruali ya kubana aliyeuza magari kutoka Japani kama anayetafutia binti zake waume. Alitupeleka moja kwa moja kwenye gari la mseto, lenye injini ya benzini na betri pamoja.

"Hili ndilo la kwako, aunti. Dola elfu kumi na nne. Mafuta kidogo, umeme kidogo, wasiwasi hakuna."

"Betri yake ikifa?"

"Unabadilisha."

"Injini ikifa?"

"Unatengeneza."

"Kwa hiyo unataka niolewe na waume wawili," akasema shangazi, "nao wote wanaumwa."

Ashneel alicheka mpaka akashika boneti. Kisha akatuonyesha cha umeme: kigari kirefu cheupe cha mizigo, chenye maandishi ya duka la maua la Kijapani ambayo hayakufutika vizuri mlangoni. Ukikiwasha, sauti ya mwanamke inakusalimu kwa Kijapani kwa adabu nyingi. Shangazi hakujali salamu. Aliuliza vijistari vya afya ya betri viko wapi, kama alivyofundishwa na msimamizi wake wa zabibu. Vilikuwa kumi kati ya kumi na viwili.

"Vitabaki kumi mpaka lini?"

"Mungu ndiye anajua, aunti."

"Mungu namjua hata mimi. Nakuuliza wewe."

Ashneel akaacha kutabasamu. Akasema kwa bonde letu, na mzigo, tutegemee kilomita tisini na kitu, na kila mwaka zitapungua kidogo. Shangazi akataka kuendesha. Alikipandisha mlima mrefu wa nje ya mji, nyuma tumepakia mifuko minne ya saruji ya jirani wa Ashneel, huku macho yake yakiwa kwenye asilimia ya betri na si barabarani, na mimi nikiomba dua. Aliporudi akashusha bei kwa dola mia nane na kutaka tairi mbili mpya. Akapata mia sita na tairi moja. Akasaini.

Nyumbani kwetu hadi hotelini ni kilomita thelathini na tano. Kwenda na kurudi, sabini. Kila asubuhi ya hoteli gari lile lilihitaji kuamka likiwa limeshiba. Kumbuka hilo, maana kila kitu kilichofuata kinatokana nalo.

Siku ya kwanza kijiji kilitoka kuliona. Wanaume walifungua boneti wakatafuta injini kama watu waliopoteza ng'ombe. Wanawake waliiga salamu ya Kijapani wakainamiana. Mtu akauliza, "Linakunywa nini?" Na hapo nikafanya kosa. Nilipanda kwenye ngazi ya nyumba, na moto wangu wote wa chuoni, nikapaza sauti: "Halinywi kitu! Hakuna tena benzini ya watu wa mbali! Gari hili linatembea bure!"

Walinipigia makofi. Nilifurahi. Shangazi alinitazama tu.

Huku kwetu ndugu akikuomba kitu, humkatalii. Tunaita kerekere, na imetuvusha kwenye vimbunga vingi kuliko serikali yoyote. Lakini kwa magari ilikuwa na ndugu yake mdogo, asiyetajwa: pesa ya mafuta. Ukipanda gari la ndugu, unaacha sarafu mbili tatu pale mbele ya usukani. Ukiliazima, unalirudisha na mafuta. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Mpaka nilipotangaza kuwa gari halinywi. Kijiji kilielewa jambo kwa uaminifu kabisa: pasipo mafuta, hapana pesa ya mafuta. Wiki ya kwanza wanawake wa soko waliacha sarafu kwa mazoea. Wiki ya pili Sakiusa, kwenye matangazo baada ya ibada, aliwaambia wasijisumbue, "kwa sababu Msomi ametueleza, kitu hiki ni cha bure kama hewa." Watu wakaitika amina.

Kuanzia hapo gari halikulala. Liliombwa kupeleka mgonjwa, nalo likaenda, na hakuna aliyenung'unika. Liliombwa kufuata kava, mizizi tunayoisaga na kuinywa kwenye kila shughuli. Liliombwa kufuata mtu aliyekwenda kufuata kava. Shangazi alikuwa analichomeka ukutani jioni, likikaa saa mbili, mtu anakuja, analichomoa, anasema, "Nalirudisha sasa hivi." Gari la benzini likirudi tupu, unamimina galoni moja unaondoka. Hili likirudi tupu linataka usiku mzima wa kupumzika. Hilo hawakuliona. Tangi unaligonga, linalia kama ngoma, unajua ni tupu. Betri haina mlio.

Bili ya umeme ilipanda. Shangazi aliilipa kwa pesa za kabichi, akakaza midomo. Lililomuumiza lilikuwa jingine. Mpishi mkuu wa hoteli alikuwa amempa oda: kreti kumi na mbili za nyanya kila Jumanne na kila Jumamosi, mlango wa jikoni, kabla ya saa moja asubuhi. Sharti lake lilikuwa fupi. Ukikosa mara moja, nitakusamehe. Ukikosa ya pili mfululizo, oda inakwenda kwa mkulima wa ng'ambo ya mto. Oda ile ndiyo iliyokuwa inarudisha pesa ya gari. Bila oda, miaka minne ya kwenye daftari ilikuwa kumi.

Ijumaa moja mchana, gari likiwa na miezi mitano kwetu, Sakiusa alikuja kuliomba gari kwenda kwenye msiba vijiji vya juu. Shangazi alikuwa ametoka sokoni.

"Limebaki na nusu tu, shemeji. Na kesho alfajiri nina hoteli."

"Nusu inatosha. Na nimechukua tahadhari." Akapakia nyuma galoni ya plastiki, imejaa benzini.

"Hiyo ya nini?"

"Mimi sisafiri bila galoni."

"Utaimimina wapi, masikioni?"

Akacheka, akaondoka na watu saba, mikeka mitatu na nguruwe mmoja wa kuchinjwa. Wakati wa kurudi gari lilizimika kwenye mlima, kilomita nne kutoka nyumbani, mbele ya shule, watoto wakiwa ndiyo wanatoka. Sakiusa akapiga simu nyumbani waletwe maksai wake wawili walivute. Mkewe akauliza waletwe sasa? Na hapa naomba msomaji asikilize vizuri, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na mke huyo, simu ikiwa kwenye spika.

"Sasa? Una wazimu?" ilifoka sauti ya Sakiusa. "Wamelima tangu alfajiri! Mnyama aliyechoka humfungi tena nira. Wale, wanywe, walale. Kesho asubuhi."

Kwa hiyo lilikuja kesho yake, saa mbili, likivutwa na maksai wawili, Sakiusa akiwa ameshika usukani. Lori la abiria lilikuwa limeshapita, limejaa. Kreti kumi na mbili zilikuwa barazani kwetu, zimefunikwa majani ya migomba. Shangazi alikuwa amesimama kando ya kreti hizo tangu saa kumi na moja. Gari lilipoingia uani, mtu akaliwasha kujaribu, na likatoa salamu yake ya Kijapani, nusu, likanyamaza. Kijiji kizima kilianguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alimpigia mpishi simu, akasikiliza, akasema, "Ndiyo, bwana. Jumanne. Nimeelewa."

Jumapili katika kikao Sakiusa akapendekeza rasmi: gari liuzwe, inunuliwe pikapu ya benzini ya ubia, sehemu moja ya Taraivini na nyingine ya kijiji. "Tumelijaribu," alisema. "Si gari la huku."

Nilisimama nikapayuka mengi. Nilisema kadi ina jina la nani. Nilisema neno haki labda mara sita. Mzee mmoja akaniambia, "Kaa, Msomi, bado unatembea bure." Nikakaa.

Shangazi alisema maneno machache tu. "Siuzi. Atakayeliuza ataniuza na mimi ndani yake."

Jumatatu alasiri nilimkuta anachambua nyanya za Jumanne. Gari lilikuwa limechomekwa tangu adhuhuri, na yeye alikuwa ameuketia waya.

"Wakija leo kuomba, kataa," nikamwambia. "Kataa tu! Basi!"

"Nikikataa, watasema Australia imeniharibu. Na watakuwa sawa. Yule ndiye aliyejenga jiko unalolia chakula, baba."

"Kwa hiyo utampa?"

"Nilizaliwa ndani ya kerekere, kama yeye. Wewe unataka nitoke. Mimi sitoki. Yeye ndiye anayeitumia upande mmoja tu."

Sakiusa alikuja saa kumi, na wanaume watano, na fungu la kava la kusindikiza ombi. Wakakaa mkekani. Kava ikachanganywa, bakuli likazunguka, makofi yakapigwa kama inavyotakiwa. Wanawake wa soko walikuwa wameshajua na wamejipanga dirishani, wakijifanya wanakata maboga. Sakiusa akaomba kwa maneno mazuri. Kesho ni mkutano wa kanisa wa wilaya, mjini, saa mbili. Yeye ndiye mjumbe. Anaomba gari tangu alfajiri, kwa sababu kuna wajumbe wengine wa kuwapitia.

Nilimtazama shangazi. Yeye akapokea bakuli, akanywa, akapiga makofi yake matatu.

"Shemeji, ombi lako nimelipokea. Gari ni lako kesho."

Dirishani mtu akaangusha boga.

"Asante sana, shemeji," akasema Sakiusa, akianza kunyoosha mgongo.

"Na mimi ninalo langu. Naomba maksai wako kesho alfajiri. Wote wawili, na mkokoteni. Nipeleke nyanya hotelini."

Mtu mmoja alikohoa.

"Hotelini?" akasema Sakiusa. "Kilomita thelathini na tano?"

"Na thelathini na tano za kurudi."

"Shemeji, acha utani."

"Nimekunywa kava kwenye utani?"

"Kesho nalima! Mvua iko mlangoni, mahindi yangu..."

"Na mimi kesho nauza. Nyanya zangu ziko mlangoni, zitazame." Akamwonyesha kwa kidole. "Si tunaombana? Au siku hizi anayeomba ni mwanamume tu?"

"Watafika saa ngapi? Watafika Jumatano!"

"Waondoke sasa hivi basi. Kwani shida nini? Hawanywi benzini. Wanakula majani ya bure, ya kando ya njia, kama hewa. Maksai wanatembea bure, shemeji. Si ndivyo tulivyofundishwa kanisani?"

Dirishani kicheko kikalipuka. Mama mmoja alilala juu ya maboga yake. Hata wanaume waliokuja na Sakiusa waliangalia chini, mabega yakitikisika.

Sakiusa alikuwa amesimama. "Huwezi kumtembeza mnyama hivyo! Akienda huko na kurudi atalala wiki nzima! Anatakiwa kula, anatakiwa kupumzika, humchukui leo, ukamchukua usiku, ukamchukua kesho..."

Akasita. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Shangazi hakumkimbiza. Alimwacha asimame pale na sentensi yake. Kisha akainuka, akaufuata waya mpaka ukutani, akaligusa boksi la chaja.

"Na huyu wangu anakula hapa," akasema. "Usiku kucha, polepole kuliko maksai. Chakula chake nakilipa mimi, bili hii hapa, anayetaka kuisoma aje. Anayeumwa nitampeleka, hata liwe na asilimia moja nitalisukuma. Anayekwenda mjini apande. Lakini kila anayepanda atalilisha, kama mlivyoyalisha magari ya wengine yote. Na usiku wa kuamkia hoteli halichomolewi. Jumatatu na Ijumaa. Huu ni mnyama wangu, na nira namfunga mimi."

"Ni amri hiyo?" akauliza Sakiusa.

"Ni ombi, shemeji. Nimeomba mawili sasa. Nichagulie moja."

Waliondoka bila kumaliza kava. Sakiusa hakusema ndiyo wala hapana kwa lolote. Mlangoni alivaa kandambili zake polepole sana, akazivaa mguu usio wake, akazivua, akazivaa tena. Hakuna aliyethubutu kucheka. Gari hakuligusa, na maksai hawakuletwa. Nilimuuliza shangazi kama ameshinda. Akasema niendelee kuchambua nyanya.

Asubuhi iliyofuata tulipakia gizani, nikapanda nyuma. Asilimia tisini na tisa. Kiti cha mbele shangazi alikipakia kreti mbili na kuzifunga mkanda. Gari likasalimu kwa Kijapani, tukatoka uani bila mlio, na kwenye njiapanda ya lori la abiria, taa zetu zikamkuta Sakiusa.

Alikuwa peke yake, amevaa koti la mkutano na msuli wake wa kijivu wa Jumapili, Biblia kwapani. Hao wajumbe wengine sikuwaona. Hakupunga mkono. Alikuwa ameuinua tu, umenyooka, na kati ya vidole viwili ilikuwapo noti ya dola tano, imetangulia mbele yake kama tochi.

Shangazi akasimamisha. Sakiusa akaenda mlango wa mbele, akaufungua, akazikuta nyanya.

"Hapo pana watu, shemeji," akasema shangazi. "Nyuma kwa Msomi."

Alizunguka. Alipanda, akabana magoti kati ya kreti na mimi, koti likanuka nondo. Akaupitisha mkono juu ya bega la shangazi, akaiweka noti pale mbele ya usukani, mahali pake pa zamani.

"Ya mafuta," akasema.

"Lishasikia," akajibu shangazi, akaondoa gari.

Tukavuka daraja. Pale barabara inapoanza kupanda, Sakiusa akainama mbele, mkono juu ya kreti zisianguke, macho yakitafuta namba ya betri mbele ya usukani.

"Limebaki na ngapi?"

"Soma mwenyewe."

Akasogea, akakunja uso, akasoma kwa sauti kama anayesoma zaburi: "Themanini na sita." Halafu, tulipomaliza mlima: "Themanini na tatu." Alizisoma hivyo njia nzima. Alishuka mjini, tukafika mlango wa jikoni saa moja kasoro dakika kumi na mbili.